Kochi nililomnunulia mama

Nilifika Amu, yaani Lamu, Jumatano alasiri, begi mkononi, jasho mgongoni. Hata salamu hazijaisha nikasikia ko! Mlango wa sebuleni umelipiga kochi. Mama akapaza sauti kutoka kiwandani, yaani uani: “Ndoo mwanangu, pita ubavuubavu. Ndivyo tupitavyo siku hizi.”

Kochi lenyewe nililinunua mimi. Mwaka jana nilituma pesa, binamu yangu akalichagua Mombasa, likapanda lori mpaka Mokowe, likavushwa kwa boti, na mahamali wanne wakalipitisha vichochoroni wakilisimamisha wima kila kona. Picha niliyotumiwa ilipigwa kwa mbele: kochi linang’aa, mama kakaa katikati kama bibi harusi. Mlango haukuonekana pichani, nami sikuuliza.

Cha kuona haya ni kwamba nikitaka kujisifu kwa ujuzi wowote wa ughaibuni, nitajisifu kwa huu wa kuzuia vitu visigongane. Naishi Birmingham, nafanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na miaka minne ya kwanza nilipanga chumba kwenye nyumba ya watu sita. Tangu 2018 sheria ya Uingereza inataka chumba cha kulala mtu mzima mmoja, katika nyumba za kupangisha watu wengi zenye leseni, kisipungue mita za mraba 6.51. Changu kilizidi hapo kidogo sana. Mlango wa kawaida wa ndani kule una upana wa sentimita 76, na ukiufungua mpaka mwisho unafagia karibu nusu mita ya mraba. Sasa weka kitanda, weka kabati, weka kimeza cha birika. Nikirudi kazini alfajiri, mlango unapiga kabati, kabati linapiga ukuta, na nyuma ya ukuta amelala kijana wa Kinaijeria. Naye hunijibu kwa kupiga ukuta mara mbili. Tuligongeana hivyo miezi miwili kabla ya kujuana majina.

Kutoboa ukuta hakuruhusiwi. Kitasa kilishaacha shimo la ukubwa wa yai kwenye plasta, na nilipohama nilikatwa pesa zake. Nilijaribu kabari ya mbao chini ya mlango, mwenye nyumba akaja kuiondoa: mlango ule ni wa kuzuia moto, una mkono wa kuufunga wenyewe, na kuuwekea kabari ni sawa na kuuzima. Hapo nilimpa haki yake.

Nikabaki na vibandiko vya mpira, vile vidogo kama kifungo cha koti. Cha kwanza nilikibandika karibu na bawaba, kwa kuwa pale hakionekani. Kosa kubwa. Mlango ni wenzo. Ukiuzuia karibu na bawaba halafu ukausukuma kwa kitasa, nguvu yote inakwenda kwenye skrubu za bawaba, na baada ya wiki mbili zilianza kulegea. Kizuizi kinataka kukaa mbali na bawaba, karibu na ukingo wa mlango, pale pale panapogonga. Uso ufutwe mafuta kwanza, kibandiko kikandamizwe, kisha kiachwe siku nzima kabla ya kukijaribu. Kabati nililivisha vipande vya sufu miguuni, likaacha kupiga kelele. Na tangu hapo sinunui kitu cha nyumbani kabla sijachora sakafuni, kwa utepe wa karatasi, njia ya mlango na njia ya kila droo. Wenzangu walinicheka. Wawili kati yao wameshakuja kuniazima utepe.

Kwa hiyo nilikuja Amu na pakiti nzima ya vibandiko, nikajiona fundi. Nilibandika vinne ukutani na viwili kwenye mlango. Asubuhi vyote vilikuwa sakafuni, vimejipaka chokaa kama maandazi kwenye unga. Ukuta wa chokaa na matumbawe hutoa vumbi, na hewa ya bahari haikauki. Gundi itashika nini?

Mama alikuwa na dawa yake: kipande cha kandambili kilichopigiliwa misumari miwili kwenye ukingo wa mlango. Alikipachika mahali pake hasa, mbali na bawaba, bila kusomeshwa habari za wenzo. Amu kandambili haitupwi hivi hivi. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa hapa na kushushwa majini 2018, limevikwa kandambili zilizookotwa ufukweni. Lakini ile ya mama ilikuwa nyeusi, na kochi ni la rangi ya maziwa. Alama imeingia na haitoki.

Alhamisi alikuja mzee mmoja jirani, fundi wa milango aliyestaafu. Kochi hakulitazama hata kidogo. Aliutazama mlango, akauliza: “Ule wa zamani mliupeleka wapi?”

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikiwa mdogo marehemu baba aliung’oa mlango wa mbawa mbili akaweka huu wa ubao mmoja, wa kisasa, wenye kitasa cha kununua. Ule wa kale haukuwa na bawaba. Kila ubawa ulizunguka kwa vijiti vyake vilivyoingia matunduni juu na chini, na ubawa mmoja ulibeba mfaa uliofunika ufa wa katikati.

Mzee akaomba futi yangu. Sebule ina upana wa mita 2.7, maana dari ni la boriti za mikoko, na boriti haziruhusu chumba kupanuka zaidi ya hapo. Kochi lina mita 2.1, limelazwa upande wa mwisho kukata upana wa chumba, kwa hiyo kati yake na ukuta wenye mlango zimebaki sentimita 60. Mlango wa baba una mita nzima. Ukifunguka lazima ulipige. Ubawa mmoja wa ule wa zamani ulikuwa na nusu mita. Usingelifikia hata ukitaka. Tena mbawa mbili za nusu mita, kwa jumla, hufagia nusu tu ya sakafu inayofagiwa na ubao mmoja wa mita. Nilipiga hesabu kwenye simu nikamwonyesha. Akasema, “Naam,” kama mtu aliyeambiwa bahari ina chumvi.

Mbawa zipo. Moja iko darini imeliwa na mchwa upande wa chini. Ya pili mama ameifanya meza ya kukatia mboga na anadai haina kasoro, kwa hiyo haitoki jikoni mpaka nimnunulie meza nyingine. Mzee kasema atachonga mpya mbili kwa mbao za mnazi, kwa kipimo cha ile, nikimwachia pesa za mbao.

Kwa sasa tumeung’oa mlango wa baba tukauegemeza kiwandani. Mahali pake mama ametundika leso mbili alizoziunga kwa sindano usiku ule ule, na juu ya ile alama nyeusi ametandika kitambaa cha kudarizi. Analalamika kwamba wageni sasa wanaingia bila yeye kuwasikia.