Alhamisi moja ya mwezi wa Juni: siku yangu na vijana wa kaunti

Saa 11:20 alfajiri

Simu ililia kabla hakujapambazuka: ni ujumbe. "Dada, samahani sana. Kuanzia leo sitaweza tena ile kazi. Asante kwa yote." Ni binti wa wadi yetu ya mbali kuliko zote, ile ambayo ukitoka mjini unapanda matatu, unashuka unachukua boda boda, halafu kipande cha mwisho unakimaliza kwa miguu. Kati ya wote wanaojitolea nasi, huyu sijawahi kumkumbusha ripoti hata siku moja. Nilimjibu kwa ufupi: "Leo jioni naja kwenu, mdogo wangu. Tuongee." Mambo kama hayo hayazungumzwi kwa simu.

Ninaongoza mpango wa maendeleo ya vijana katika kaunti moja ya pwani ya Kenya. Tulioajiriwa ni 6, nikiwemo mimi. Wanaojitolea ni 43, wametapakaa kila wadi. Mtu akiniuliza mpango huu umebebwa na nani, namtajia hesabu hiyo.

Saa 2:00 asubuhi

Kikao chetu cha asubuhi ni cha kusimama, dakika 15, kila mmoja aseme anakwenda wapi na kimemkwama nini. Gari ni moja, kwa hivyo muda mwingi huenda kwenye nani ashushwe wapi. Leo niliwasomea pia ule ujumbe. Afisa wetu wa nyanjani, ambaye alianza kwa kujitolea kama yule binti, alitazama chini kwanza. "Ni nauli, dada. Hawajarudishiwa tangu mwezi wa 4."

Nilijua nauli imechelewa. Sikuwa nimekaa nikafikiria mtu wa wadi ile amekuwa akiitoa wapi. Anayejitolea hatumlipi mshahara, na yeye anajua hivyo tangu siku ya kwanza. Tunachomwahidi ni nauli yake na chakula cha mchana siku za kazi. Hiyo si zawadi. Ni deni letu kwake.

Saa 3:10

Nilipanda ghorofani kwa mhasibu nikiwa nimejiandaa kwa mabishano. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na wiki hizi kila idara inakimbiza vocha zake. Mhasibu wetu ni mama mtulivu, hapandishi sauti. Alifungua daftari la kupokelea mafaili akaniwekea kidole kwenye mstari: faili la nauli lilirudishwa kwangu wiki 3 zilizopita. Karatasi moja ya mahudhurio haikuwa na namba za vitambulisho wala sahihi ya mratibu wa wadi. Juu ya hayo, masurufu ya ziara yetu iliyopita, yaani fedha tulizopewa kabla ya safari, hayakuwa yamerejeshwa hesabu, ilhali kanuni inatupa siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni.

Nilishuka nikalikuta. Lilikuwa mezani pangu, chini ya rundo la fomu za basari. Wiki 3 nzima nimekuwa nikiwaambia watu "fedha wanachelewesha", na faili limelala kwangu. Na ile karatasi yenye kasoro ilikuwa ya wadi ya yule binti. Afisa wetu aliichukua siku ya mafunzo kabla binti hajamaliza kuijaza. Niliita wenzangu wote nikawaambia hivyo hivyo ilivyo. Mhasibu alinipa hadi kesho saa 6 mchana.

Saa 5:00

Chuo cha ufundi. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa hivyo hapa ni nyumbani kwetu, na mimi hupenda kufika wakati wa mazoezi kuliko wakati wa sherehe.

Leo nilikuja kwa ajili ya kijana mmoja mchomeleaji wa jua kali. Ana miaka 6 kazini, mageti ya nusu ya mtaa ule ni mkono wake, lakini hana cheti, na kila kampuni inamwambia alete karatasi. Tunataka afanye mtihani wa ufundi wa serikali, Gredi ya 3. Yeye anaogopa maandishi. Mwalimu hakumpa kalamu, alimpa chaki. "Nichoree unavyounga vyuma viwili vinene." Kijana alichuchumaa akachora kwenye sakafu ya saruji: vyuma viwili, kingo zimekatwa mshazari, katikati ameacha upenyo mdogo. Mwalimu akauliza upenyo wa nini. "Ili moto uingie mpaka chini. Ukizibana utaona juu pamezuri, lakini ndani hakujashika." Mwalimu alinitazama. Jibu la mtihani ndilo hilo hilo. Kilichobaki ni kuzoea kulisoma swali, na tumempata mtu wa kujitolea atakayekaa naye jioni mara 2 kwa wiki.

Kuna vijana wengi wa aina hii, na inaniuma tunapowaita "wasio na ujuzi" kwenye ripoti. Siku hizi nikikuta maneno hayo nayafuta.

Saa 7:30 mchana

Wali na maharagwe ya nazi, ndani ya gari, mimi na dereva.

Saa 8:15

Chini ya mkwaju tulikuta kikundi cha watu 15 wanaokusanya na kutenganisha taka. Wanataka zabuni ya kusafisha soko. Sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wao wamejisajili, wana akaunti, wana mikokoteni. Tatizo ni mwenyekiti. Ni mzee wa miaka 50 na zaidi. Ndiye aliyewapa mkokoteni wa kwanza, na taka zao wanazihifadhi kwenye stoo yake.

Kwa Katiba, kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Na ili kikundi kipewe nafasi hiyo kama cha vijana, angalau asilimia 70 ya wanachama wawe vijana, na viongozi wote wawe vijana. Wote. Vijana walilijua hilo tangu mwezi uliopita. Waliningojea mimi nije niseme, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwambia mzee aondoke kitini.

Sikuanza na sheria. Nilimsalimia mzee, nikamwomba atueleze kikundi kilivyoanza. Alisimulia karibu nusu saa: mvua iliyoziba mitaro, watoto waliougua kuhara, yeye na vijana 4 wakazibua kwa majembe. Hapo ndipo nikasoma kifungu, polepole, kisha nikasema kikundi hakiwezi kumpoteza mtu kama huyu, lakini jina lake likibaki pale juu, fomu itarudishwa. Kimya kilikuwa kirefu. Mwishowe akasema, "Basi nitakuwa mlezi. Mwenyekiti awe huyu katibu, ndiye anayejua kuandika mambo yakaeleweka. Lakini ufunguo wa stoo nabaki nao mimi." Ufunguo haumo kwenye sheria, nikauacha ulipo. Katibu, binti wa miaka 24, alimshika mzee mikono miwili bila kusema kitu.

Kabla hatujaondoka mmoja aliuliza, "Madam, zabuni tutapata lini?" Nikamwambia siwezi kumwahidi. Ninachoweza ni kuhakikisha fomu yao haina kasoro na kuwapigia siku tangazo litakapotoka. Alionekana kuvunjika moyo kidogo. Afadhali avunjike leo akijua ukweli.

Saa 10:40 jioni

Mama wa yule binti wa alfajiri alikuwa anakaanga bhajia kando ya barabara. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, yuko nyuma." Binti alikuja na ndoo ya maji kichwani, akaitua, akakaa kwenye kigoda. Sikumzungusha. Nilimwambia faili lilikuwa mezani kwangu, si kwa mtu mwingine, na kwamba naomba radhi.

"Dada, si pesa peke yake," alisema. "Nilipiga ofisini mara mbili. Mara mbili nikaambiwa subiri. Nikaona labda hamjui kama nipo."

Nilimuuliza kama ana kumbukumbu ya waliohudhuria. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule lililofunikwa kwa gazeti. Majina 31, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Namba za vitambulisho zote zimo. Pembeni ana safu yake mwenyewe, ambayo sisi hatukumwagiza: "amepata kitambulisho", "anataka ufundi bomba", "ana mtoto mchanga, atafutiwe wa kumshikia saa za darasa". Tulinakili namba pamoja hadi giza likaanza kuingia, akatia sahihi kama mratibu wa wadi.

Hakusema anarudi. Alisema atafikiria hadi Jumapili, na mimi sikumsukuma.

Stendi ya boda boda nilimtafuta kijana ambaye binti humkopa safari. Deni ni shilingi 1,200. Nilifungua mkoba, akakataa. "Atalipa mwenyewe, madam, tumeelewana. Mdogo wangu alipata kitambulisho kwa sababu yake. Alimfuatilia mpaka kwa chifu."

Saa 2:30 usiku

Watoto wamelala. Nimemaliza hesabu za masurufu, na karatasi ya wadi yake nimeibana mbele ya zote. Nimewaandikia wenzangu kwamba kuanzia kesho, kila Ijumaa asubuhi kikao kitaanza na swali moja: nani anatudai nauli, na faili lake liko kwa nani. Simu za watu wa kujitolea nitakuwa nazipokea mimi mwenyewe.

Faili limo ndani ya mkoba, na mkoba nimeuweka mlangoni. Kikao kikiisha tu, nitakuwa ghorofani.