Kila usiku unatoka mwilini

Watu wengi wakisikia habari za astrali, ule mwili wa ndani usioonekana, wanataka wafundishwe namna ya kutoka mwilini tu, wanaangalia video YouTube usiku kucha, wanahesabu pumzi, wiki ikiisha wamekata tamaa. Mimi kilichonishika kwenye Teosofia, yale mafundisho ya siri za mtu na ulimwengu usioonekana, ni kwamba wazee wake wanasema unatoka kila ukilala, sema ukirudi hukumbuki.

Annie Besant, mmoja wa hao wazee, kaelezea vizuri kwenye kitabu chake Man and His Bodies cha mwaka 1896. Mwili huu wa nyama una pacha wake wa etheri, huyo ndo anapitisha prana, ile nguvu ya uhai. Alafu kuna mwili wa astrali, wa hisia na tamaa, alafu wa akili, alafu ule wa juu unaodumu kutoka maisha haya mpaka mengine. Sasa ukilala pacha wa etheri habanduki, anabaki kitandani na nyama, anayetoka ni wewe na mwili wa astrali na hiyo ya juu yake. Wao wanasema nusukaputi ya hospitali inamsukuma huyo pacha nje kwa sehemu kubwa ndo maana mtu anapasuliwa na hasikii kitu, na akitoka jumla basi ndo kifo chenyewe.

Kinachovuruga ni kumbukumbu. Uliyoyaona huko lazima yapenye mpaka kwenye ubongo huu wa kawaida, na ubongo wenyewe wakati umelala unatunga mambo yake, mtu akigonga geti huko nje unaota bomu limelipuka. Kwahiyo unaamka una jibu la kitu kilichokusumbua jana yake lakini hujui umelitoa wapi, unabaki na vipande vipande vya ndoto havieleweki.

Ila ukianza kusoma uwe makini. Blavatsky, yeye na Olcott na Judge ndo waliokianzisha chama cha Teosofia New York 1875, kwenye The Key to Theosophy (1889) anataja sehemu saba za mtu, na akisema mwili wa astrali anamaanisha linga sharira, yaani yule yule ambaye kina Besant na mwenzake Leadbeater baadae walimwita pacha wa etheri!! Usipolijua hilo utadhani wanabishana. Ushauri wangu anza na Blavatsky, polepole, maana yeye hakupenda kabisa watu wakimbilie miujiza kabla hawajatengeneza tabia zao.

Na hapo kwenye tabia ndo naona pana uzito kuliko hizo video zote. Ukilala na hasira mwili wa astrali unatoka na hasira hiyo hiyo, unavutwa na vya kufanana nayo. Leadbeater aliandika kuhusu wasaidizi wasioonekana, watu ambao usingizini wanaenda kuwafariji wenye shida na waliokufa ghafla, na anayetaka kuanza anashauriwa alale akiwa ameshaamua anaenda kumsaidia nani. Mimi nafanya hivyo, simu naiacha sebuleni, nachagua mtu mmoja namuwaza kwa amani mpaka usingizi unanichukua.