Anwani ya IP pepe kwenye klasta: ihame lini na ihame vipi

Kuiweka anwani ya IP pepe (VIP, anwani inayoweza kuhama kutoka seva moja hadi nyingine) kwenye kadi ya mtandao ni kazi ya amri moja tu, `ip addr add`. Ugumu uko kwingine: nani ana haki ya kuishika kwa sasa, na majirani, yaani mashine na ruta za mtandao huo, watajuaje kwamba imehama. Anayeweka Keepalived (programu ya itifaki ya VRRP, ambapo nodi kiongozi hushika VIP na kutangaza kwamba ipo hai, na ya akiba husikiliza) na kuridhika kwamba VIP inaonekana kwenye nodi ya kwanza bado hajajibu lolote kati ya hayo.

Tuchukue klasta ya nodi mbili, 192.168.10.11 na 192.168.10.12, zote zikiendesha HAProxy (inayogawa maombi ya wateja kwa seva za nyuma), na VIP 192.168.10.100. Faili `/etc/keepalived/keepalived.conf` la nodi ya kwanza:

```
global_defs {
    enable_script_security
    script_user root
}

vrrp_script chk_haproxy {
    script "/usr/bin/curl -sf -m 2 -o /dev/null http://127.0.0.1:8404/afya"
    interval 2
    timeout 3
    fall 3
    rise 2
}

vrrp_instance VI_1 {
    state BACKUP
    nopreempt
    interface eth0
    virtual_router_id 51
    priority 150
    advert_int 1
    unicast_src_ip 192.168.10.11
    unicast_peer {
        192.168.10.12
    }
    virtual_ipaddress {
        192.168.10.100/32 dev eth0
    }
    track_script {
        chk_haproxy
    }
}
```

Kwenye nodi ya pili badilisha kipaumbele kiwe 100, kisha geuza anwani mbili za `unicast`. Njia `/afya` inatoka kwenye mstari wa `monitor-uri /afya` ndani ya HAProxy yenyewe.

Kipimo cha afya kiulize huduma, kisiulize kama mchakato upo. `killall -0 haproxy` hurudisha jibu zuri hata kama HAProxy imekwama na haipokei muunganisho wowote. Ombi la HTTP lenye kikomo cha sekunde 2 halidanganyiki hivyo. Kwa upande mwingine, usikifanye kipimo kitegemee seva za nyuma zinazotumiwa na nodi zote mbili. Hifadhidata ikianguka, nodi zote zitajiona wagonjwa, VIP itatoweka mtandaoni, na wateja watakosa hata ukurasa wa kuwaeleza kuna hitilafu.

Sasa hesabu ya vipaumbele, ambako usanidi mwingi huharibika kimyakimya. Ukiiwekea `vrrp_script` uzito hasi, kipimo kikishindwa uzito huo hupunguzwa kwenye kipaumbele cha nodi. Weka `weight -20` kwenye nodi ya 150 huku mwenzake yuko 100: HAProxy inakufa, kipaumbele kinashuka hadi 130, na 130 bado ni kubwa kuliko 100. VIP inabaki palepale, juu ya huduma iliyokufa. Uzito lazima uzidi tofauti ya vipaumbele. Hapa ungehitaji -51 au chini zaidi.

Hata hivyo, ukichanganya uzito hasi na `nopreempt`, hesabu sahihi nayo haitakuokoa. Maana ya `nopreempt` ni kwamba nodi ya akiba haimnyang'anyi kiongozi aliye hai, hata kama kipaumbele cha kiongozi huyo ni kidogo. Kiongozi mgonjwa ataendelea kutangaza kipaumbele chake kilichoshuka, na wa akiba ataendelea kumsikiliza kwa utii. Ndiyo sababu usanidi wa juu hauna `weight` kabisa. Bila uzito, kipimo kikishindwa nodi huingia hali ya FAULT (hitilafu), inaiachia VIP na kuacha kutangaza. Mwenzake hapo hana wa kumsubiri. Kumbuka pia kwamba `nopreempt` hufanya kazi pale tu `state` ni BACKUP, kwa hiyo iandike BACKUP kwenye nodi zote mbili.

Je, `nopreempt` ina faida gani? Nodi iliyoanguka na kuwaka tena haiirudishi VIP kwake papo hapo. Kila kuhama hukata miunganisho ya TCP iliyokuwa wazi, maana nodi mpya haiijui. Kama seva inawaka na kuzima mara kwa mara, heri VIP itulie upande wa pili mpaka mtu achunguze.

Muda wa kuhama unahesabika. Nodi ikizimika ghafla, wa akiba husubiri matangazo matatu pamoja na nyongeza ya (256 − kipaumbele)/256 ya sekunde. Kwa kipaumbele cha 100 ni sekunde 3.6 hivi. Keepalived ikisimamishwa vizuri kwa `systemctl stop`, hutuma tangazo la kipaumbele 0 na kuhama kunafanyika chini ya sekunde moja. HAProxy ikikwama, ongeza vipimo vitatu vya kila sekunde 2. Usishushe namba hizi kwa pupa: mashine pepe ikiganda sekunde chache wakati wa kuchukuliwa nakala, wa akiba ataichukua VIP, na ikizinduka zote mbili zitaishika kwa kitambo.

VIP ikishahama, majirani bado wanakumbuka anwani ya MAC (ya kadi ya mtandao) ya zamani. Keepalived hutuma paketi za ARP (itifaki inayooanisha IP na MAC) za kujitangaza: tano inapokuwa kiongozi, na tano nyingine baada ya sekunde 5. Ruta isipozipokea huendelea kupeleka trafiki kwa nodi iliyokufa hadi kumbukumbu yake iishe muda, na kwenye ruta za Cisco za IOS muda huo kwa kawaida ni saa 4. Dalili yake ni hii: mashine za mtandao uleule zinafika kwenye VIP, za nje ya ruta hazifiki. Jaribu kutangaza kwa mkono kutoka kwenye nodi inayoishika:

```
arping -U -c 3 -I eth0 192.168.10.100
```

Isipopona kwa amri hiyo, angalia kama swichi ina ulinzi wa ARP unaozitupa paketi hizo. Njia nyingine ni `use_vmac`, ambapo VIP hubeba MAC yake yenyewe (kwa `virtual_router_id` 51 ni 00:00:5e:00:01:33) na ARP haibadiliki. Kwenye mashine pepe itabidi swichi pepe iruhusu MAC isiyo ya kadi yenyewe.

Hitilafu ya kuogopwa zaidi ni viongozi wawili kwa wakati mmoja, na mara nyingi chanzo ni faiawoli. VRRP si TCP wala UDP, ni itifaki namba 112, kwa hiyo kufungua poti za TCP hakusaidii:

```
firewall-cmd --permanent --add-rich-rule='rule protocol value="vrrp" accept'
firewall-cmd --reload
tcpdump -ni eth0 vrrp
```

Endesha `tcpdump` kwenye nodi zote mbili. Katika hali nzuri, kote utaona chanzo kimoja tu kikitangaza kila sekunde. Kama kila nodi inatangaza na haimsikii mwenzake, umeshapata ugonjwa. Wanaotumia multikasti (matangazo kwa kundi zima, 224.0.0.18) badala ya `unicast` wahakikishe pia hakuna klasta nyingine kwenye VLAN hiyo yenye `virtual_router_id` ileile, 51 imenakiliwa kila mahali.

Mambo madogo yanayosumbua: HAProxy kwenye nodi ya akiba itakataa kuwaka kama imeambiwa isikilize kwenye VIP isiyokuwepo hapo, hadi uweke `net.ipv4.ip_nonlocal_bind=1`. VIP isiandikwe kwenye faili la Netplan wala NetworkManager, la sivyo nodi zote zitawaka nayo. Na miunganisho inayotoka nje hutumia anwani halisi ya nodi, hivyo faiawoli ya hifadhidata iruhusu .11 na .12, si .100 peke yake.

Kwenye wingu kama AWS, ARP ya kujitangaza haihamishi kitu. Hapo skripti ya `notify_master` (huendeshwa nodi inapokuwa kiongozi) ndiyo iite API ya kuhamisha anwani ya ziada kutoka kadi moja kwenda nyingine.

Kwa hifadhidata inayoandikwa, Keepalived peke yake sishauri kabisa. HAProxy mbili zikishika VIP moja kwa sekunde kadhaa, wateja wataunganishwa upya. PostgreSQL mbili zikipokea maandishi, data zinaachana njia na hakuna amri ya kuzipatanisha. Tumia Pacemaker (msimamizi wa huduma za klasta) na Corosync (mawasiliano na kura za nodi), nodi tatu au shahidi wa kura, na STONITH inayoweza kweli kuizima nodi isiyojibu. VIP yenyewe ni mstari mmoja wa `pcs`, amri ya kusimamia Pacemaker:

```
pcs resource create vip ocf:heartbeat:IPaddr2 ip=192.168.10.100 cidr_netmask=24 nic=eth0 op monitor interval=10s
```

Kisha ifunge ikae na nodi iliyopandishwa kuwa kiongozi wa hifadhidata, na uandike mpangilio wa kuwaka kando, kwa sababu kukaa pamoja hakusemi nani atangulie. Katika matoleo ya pcs kabla ya 0.11, `pcs resource move` huacha nyuma sharti linaloing'ang'aniza VIP kwenye nodi uliyoipeleka; lifute kwa `pcs resource clear vip`.

Kabla ya kukabidhi klasta, ijaribu kwa njia tatu tofauti: simamisha HAProxy, chomoa waya wa mtandao, kisha igandishe HAProxy kwa `kill -STOP`. Fanya hivyo ukiwa na `curl` inayozunguka kila nusu sekunde kutoka mashine iliyo nje ya ruta. Jaribio la tatu ndilo linaloangusha klasta nyingi zilizofaulu mawili ya kwanza.