Nilivyopima haidroliki ya gia boksi, na sindano ya ng'ombe iliyoniokoa

Kwa oili ya injini sijaita fundi muda mrefu. Namwaga mwenyewe, nabadili filta mwenyewe, napima asubuhi kabla ya kuwasha, basi. Kwa hiyo siku niliyoamua kubadili haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi ya otomatiki, niliingia na kiburi hicho hicho: ni chuma chenye nati chini na tundu juu, kuna nini tena?

Gari ni Toyota Premio ya mwaka 2004, otomatiki ya gia nne, inayotumia haidroliki ya T-IV, aina ya Toyota wenyewe. Kitabu chake kimeandikwa Kijapani mwanzo mwisho, kwa hiyo mwalimu wangu alikuwa stiki yenyewe, ule ufito wa kupimia kina. Dukani muuzaji alitaka kunipa nyingine, akasema zote nyekundu. Nyekundu ni rangi tu iliyotiwa, haikuambii ndani kuna nini. Nilisubiri siku mbili nikapata galoni ya lita nne ya T-IV, yenye nembo niliyoiamini.

Kumwaga hakukunisumbua. Nati ya sampo (bakuli la chini ya gia boksi) ina tundu la pembe sita, inafunguliwa kwa elikii namba 10. Nilipandisha mbele kwa jeki, nikaweka stendi pande zote mbili (usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja), nikaweka beseni. Haidroliki ikatoka ya kahawia, imechoka lakini hainuki kuungua. Na haitoki yote. Nyingine inabaki kwenye toki konveta (kifaa kinachounganisha injini na gia boksi) na kwenye njia za ndani, kwa hiyo ukimwaga kwa nati unapata chini ya nusu ya iliyomo. Niliimimina kwenye chupa za maji za lita moja na nusu ili nijue kiasi: chupa moja imejaa, ya pili pungufu kidogo. Kama lita 2.8. Jirani akaniomba ile chafu apake nguzo za banda lake dhidi ya mchwa, nikampa.

Nikaweka wosha mpya, nikakaza nati, nikashusha gari likae kwenye matairi yote manne, nikajaza lita 2.8 kwa faneli ndefu kupitia bomba la stiki. Hapo ningeishia, ningekuwa salama. Lakini nilitaka kuhakikisha.

Stiki ya Toyota hizi ina ngazi mbili. Chini pameandikwa COOL, juu yake HOT, na kila ngazi ina mikato miwili. Niliwasha gari, nikakanyaga breki, nikapitisha gia zote kutoka P mpaka L na kurudi, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Nikachomoa stiki. Haidroliki ilikuwa imeishia pale COOL. Nikaona imepungua! Kwa akili yangu ya oili ya injini, alama ya juu ndiyo "imejaa". Nikaongeza kidogo, nikapima, nikaongeza, mpaka ikafika kwenye HOT. Kama nusu lita hivi. Nikanawa mikono nikiwa nimeridhika kabisa.

Mzee jirani, dereva wa malori aliyestaafu, alipita akanikuta nafunga boneti. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza jambo moja tu: "Mwanangu, hiyo umeipima ya moto au ya baridi?" Nikamjibu gari limewaka dakika tano. Akacheka. "Basi hujaipima."

Alichokuwa anasema ni hiki. Haidroliki ikipata moto inavimba, na kina chake kwenye sampo kinapanda. COOL ni kwa ajili ya gari ambalo halijatembea, na hata hapo ni makadirio ya kukuwezesha kuendesha bila kuharibu kitu. HOT ndiyo kipimo chenyewe, na inasomwa haidroliki ikiwa imefika joto la kazi, kama nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Kuwasha gari likae pale pale dakika tano hakufiki huko. Injini inawahi kupata moto, gia boksi inafuata nyuma sana.

Nikaendesha. Kutoka Kilakala, hapa Morogoro, nikashuka mjini, nikapita Msamvu, nikashika barabara ya Dar mpaka Kingolwira na kurudi, mwendo wa taratibu. Shida ya pili ikaniibukia niliporudi: kiwanja changu kiko mteremko, kama vilivyo viwanja vingi vya huku chini ya milima ya Uluguru. Gia boksi imelala kwa upana wa gari, kwa hiyo mteremko wa upande wowote unadanganya stiki. Nikachukua pima maji ya uashi, nikaweka kwenye sakafu ya saruji mbele ya nyumba ya jirani. Povu likakaa katikati. Nikaomba ruhusa, nikapaki pale.

Handibreki juu, mguu kwenye breki, P mpaka L na kurudi P, kila gia sekunde mbili tatu. Sikuzima. Hili linawachanganya wengi, maana oili ya injini inapimwa gari limezimwa. Kwenye gia boksi ya gari langu pampu inazungushwa na injini, na ikizunguka inavuta haidroliki kuipeleka kwenye toki konveta na kwenye njia zake. Ukizima, sehemu yake inashuka kwenye sampo na stiki inaonyesha zaidi ya ukweli. Wenye Honda wana utaratibu wao: nyingi zinapimwa zikiwa za moto, gari limezimwa, ndani ya dakika moja hivi baada ya kuzima. Usichukue desturi ya gari la shemeji yako ukaipeleka kwenye lako. Na magari mengine mapya hayana stiki kabisa. Yanapimwa kwa nati ya kufurika huku joto likisomwa kwa mashine, na hayo mimi siyagusi.

Nikachomoa. Ilipita mkato wa juu wa HOT kwa upana wa kidole.

Watu wanaogopa haidroliki ikipungua, na wana haki: pampu inavuta hewa, gia inachelewa kuingia, inateleza, mwishowe inaungua. Lakini ikizidi nayo ni balaa. Vyuma vinavyozunguka vinaifikia, vinaipiga kama mwiko kwenye uji, inatoa povu. Povu ni hewa, na hewa haishiki shinikizo. Unaishia na dalili zile zile za gari lililopungukiwa, halafu mtu anakushauri uongeze! Nyingine inasukumwa nje kupitia kipumulio (tundu la kutolea hewa), unaanza kutafuta uvujaji usiokuwepo. Stiki yangu haikuwa na vipovu, nikamshukuru Mungu.

Kufungua nati ya chini gari likiwa la moto sikutaka. Haidroliki ya nyuzi 80 ikikumwagikia mkononi hutasahau. Nikakumbuka duka la dawa za mifugo. Nikanunua bomba la sindano kubwa la mililita 60, lile la ng'ombe, na mpira mwembamba wa mita moja. Nikasafisha vizuri, nikasubiri gari lipoe, nikapitisha mpira kwenye bomba la stiki mpaka ukagusa haidroliki, nikaanza kuvuta. Mabomba manane, kama mililita 480. Yaani ile ile nusu lita niliyoiongeza. Chupa zangu mbili zilikuwa zimesema kweli tangu mwanzo.

Hata hivyo njia ya "rudisha kiasi ulichotoa" ina tundu lake. Kama gia boksi ilikuwa imepungua kabla hujamwaga, unarudisha upungufu ule ule. Ningepaswa kupima ya moto siku moja kabla ya kumwaga, nijue naanzia wapi. Sikufanya hivyo, nilibahatisha. Pia ulinganishe iliyotoka na unayoijaza zikiwa na joto moja: iliyomwagwa ya moto imevimba, iliyomo kwenye galoni ni ya baridi.

Kupima upya jioni ile ile kukanitia wazimu. Upande mmoja wa stiki ulionyesha chini ya mkato, upande mwingine ukawa umelowa mpaka katikati ya chuma. Bomba la stiki ndilo hilo hilo la kujazia, na mpira wangu ulikuwa umelipaka haidroliki ndani nzima, kwa hiyo stiki ilijipaka ikipanda. Nikaacha mpaka kesho. Asubuhi nikaendesha tena dakika ishirini, nikapaki kwa jirani, nikafuta stiki kwa kipande cha kanga kuukuu kisichoacha nyuzi, nikaizamisha mpaka mwisho, nikachomoa na kusoma pande zote mbili. Alama iliyo chini kati ya hizo mbili ndiyo niliyoiamini. Ilikaa katikati ya mikato miwili ya HOT, na stiki ilikuwa ya moto kiasi kwamba nilishindwa kuishika kwa vidole.

Nimeipima tena baada ya wiki, na tena baada ya mwezi. Haijasogea, na chini ya gari pakavu. Gia ya kwanza kwenda ya pili, iliyokuwa ikigonga kidogo asubuhi, imelainika, ingawa siwezi kuapa kama ni haidroliki mpya au ni hamu yangu ya kuisikia hivyo. Lita moja na ziada iliyobaki iko stoo, kizibo kimefungwa kwa plasta. Sindano ya ng'ombe haipo. Mzee ameiazima kwa ajili ya pawa stelingi ya gari la mwanawe, na sidhani kama itarudi.