Maji yakipungua, usikimbilie kununua membreni
Mashine ya RO ya nyumbani, ile inayosafisha maji kwa kuyasukuma kupitia membreni (utando wenye vitundu vidogo mno), ikianza kutoa maji kiuzi-uzi, anza na tangi lake la kuhifadhia maji. Funga maji yanayoingia, fungua bomba hadi tangi liishe kabisa, kisha pima upepo kwenye valvu yake, ile inayofanana na ya tairi ya baiskeli. Tangi tupu linataka psi 7 hadi 8. Ukipungua, jaza kwa pampu ya mkono, taratibu. Ukibonyeza valvu yakatoka maji, mpira wa ndani umepasuka: badilisha tangi.

Upepo uko sawa? Angalia chujio la mashapo, likiziba presha haifiki kwenye membreni. Na jamani, chujio la kaboni lisipitilize muda: klorini ikipenya huiharibu membreni, na haiponi tena. TDS (kipimo cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) ikiingia 400 ikatoka 30, membreni bado nzima.