Kutoka Vindolanda hadi South Shields: Kuusoma Mpaka wa Kirumi

Safari yangu ilianzia London, katika makumbusho ya British Museum, mbele ya jozi ya vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino miaka ipatayo 1,900 iliyopita. Claudia Severa, mke wa ofisa wa jeshi la Kirumi, anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sikukuu yake ya kuzaliwa, tarehe 11 Septemba. Sehemu kubwa ya barua iliandikwa na karani kwa hati nadhifu, lakini mwishoni Severa alichukua kalamu mwenyewe, akamwita mwenzake dada na roho yangu. Mistari hiyo michache, ambayo herufi zake zinaonyesha mkono usiozoea kuandika, ni miongoni mwa maandishi ya Kilatini ya kale zaidi yanayojulikana kuwa ya mkono wa mwanamke. Niliisoma mara nyingi, kisha nikaamua kwenda kuiona ardhi iliyoihifadhi: Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza.

Treni ya kutoka Newcastle hufuata bonde la mto Tyne, hupita Hexham, na mimi nikashuka Haltwhistle na kupanda basi. Wageni wengi huja huku kwa ajili ya Ukuta wa Hadrian, mpaka wa Kirumi wenye urefu wa kilomita zipatazo 117, ambao ulianza kujengwa mwaka 122. Ngome ya Vindolanda iko kusini kidogo ya ukuta huo, na vibao vyake vingi viliandikwa kabla jiwe la kwanza la ukuta halijawekwa. Walioishi humo wakati wa Lepidina hawakuwa watu wa Roma, bali askari Wabatavi kutoka nchi ambayo leo ni Uholanzi, chini ya kamanda wao Flavius Cerialis, mumewe Lepidina.

Manyunyu yalikuwa yakianguka, na udongo ulinata kwenye viatu. Udongo huo ndio mhifadhi mkuu wa habari hizi. Kila ngome ya mbao ilipobomolewa, nyingine ilijengwa juu ya mabaki yake, na tabaka za chini, zilizojaa maji na kukosa oksijeni, hazikuoza. Mwaka 1973 mwanaakiolojia Robin Birley, alipokuwa akichimba mtaro wa maji, aliokota vipande vilivyofanana na maranda ya seremala, akavibandua na kuona maandishi ndani. Wino ulififia mara ulipokutana na hewa, na ilibidi picha za infraredi zipigwe ndipo herufi zionekane tena.

Kibao kinachonigusa kuliko vingine si barua, bali ni hesabu ya kikosi cha kwanza cha Watungri, askari wengine waliokaa Vindolanda, iliyoandikwa tarehe 18 Mei, mwishoni mwa karne ya kwanza. Kikosi kilikuwa na watu 752, lakini 456 hawakuwepo; 337 kati yao walikuwa Coria, yaani Corbridge ya leo, na 46 walikuwa walinzi wa gavana. Kati ya 296 waliobaki ngomeni, 31 hawakufaa kwa kazi: wagonjwa 15, majeruhi 6, na 10 wenye maradhi ya macho. Katika maakida sita, aliyebaki alikuwa mmoja tu. Mtu akizitegemea sanamu za ushindi peke yake, atalidhania jeshi la mpakani kuwa safu ya ngao isiyo na pengo. Karani huyu, ambaye hakuwa akimwandikia msomaji wa baadaye, anatuonyesha ngome iliyo nusu tupu na watu wanaofikicha macho.

Barua nyingine hukamilisha picha hiyo. Octavius anamwambia Candidus kwamba anahitaji angalau dinari 500 kwa ajili ya nafaka aliyonunua, na kwamba angekwisha kwenda Catterick kuchukua ngozi kama barabara zisingekuwa mbovu. Niliposoma maneno hayo nilikumbuka masika ya kwetu, na malori yaliyokwama njiani na mali za watu. Masculus anaomba askari wake wapelekewe bia, kwa kuwa imewaishia. Ndani ya makumbusho ya Vindolanda kuna viatu vya ngozi, baadhi vikiwa vya watoto wadogo. Sheria iliwakataza askari wa kawaida kuoa, na kama tungekuwa na sheria peke yake tungeamini kwamba ngomeni hapakuwa na mtoto ila wa kamanda. Ni vizuri kuisoma hati huku kiatu kikiwa karibu.

Lakini wenyeji wako wapi katika maandishi haya? Wanatajwa katika kipande kimoja cha taarifa kinachosema kwamba Wabritoni hawana deraya, na wana wapandafarasi wengi wasiotumia panga. Kisha mwandishi anawaita Brittunculi. Wafasiri wa lugha nyingine huhangaika na neno hilo, ilhali sisi tunalo tayari katika ngeli yetu ya ki-vi: ni Vibritoni, kwa dharau ileile iliyomo katika neno vijitu. Hakuna kibao kinachotueleza wao waliwaitaje Warumi. Hali hiyo naifahamu, kwa sababu katika karne hiyohiyo ya kwanza mfanyabiashara kutoka Misri ya Kirumi, aliyeandika kwa Kigiriki, aliieleza pwani yetu ya Afrika Mashariki, aliyoiita Azania, soko la Rhapta na pembe zake za ndovu, na hatuna maandishi ya mwenyeji wa Rhapta ya kuweka kando ya yake.

Siku ya pili nilirudi Newcastle na kuendelea hadi South Shields, mahali mto Tyne unapoingia baharini, ilipokuwa ngome ya Arbeia. Nilikwenda kwa ajili ya mawe mawili ya kaburi. La kwanza ni la Victor, Mmauri kutoka Afrika Kaskazini, aliyefariki akiwa na miaka 20. Numerianus, mpandafarasi wa kikosi cha Waasturi, alikuwa bwana wake, akamwacha huru, kisha akamzika kwa upendo mkubwa. Hivyo ndivyo jiwe linavyosema, na mwenye jiwe ni Numerianus. Nilitamani kusikia neno moja la Victor mwenyewe.

La pili ni la Regina, mwanamke Mbritoni wa kabila la Catuvellauni, aliyefariki na miaka 30. Barates, mtu wa Palmyra huko Shamu, alimwacha huru na kumwoa. Katika mchongo wa jiwe Regina ameketi kitini na vifaa vyake vya kusokota sufu, na uso wake umeharibika. Maandishi ya Kilatini yana makosa. Chini yake, kwa mkono ulioizoea hati ya Palmyra, upo mstari mmoja wa lugha hiyo, ambao sijui ni wangapi mjini hapo waliweza kuusoma zaidi ya mume aliyeuagiza: “Regina, aliyeachwa huru na Barates, ole!”