Gumba la Morón

Umeme umerudi saa mbili usiku. Nimeyaacha maharage jikoni kama yalivyo, nikaenda moja kwa moja kwenye spika. Tangu juzi nina kiu ya flamenko, muziki wa kusini mwa Hispania. Nikapanga solea tatu mfululizo (solea ni mtindo mmojawapo wa flamenko), za wapiga gitaa watatu: ya Sabicas, ya Paco de Lucía, na ya Diego del Gastor.

Solea ina mapigo 12, na mkazo huangukia la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Huwa nahesabu kwa kugonga meza, na karibu kila mara napotea baada ya la 6. Hapo mwendo wa tatu-tatu unageuka ghafla kuwa wa mbili-mbili, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakuta kidato kifupi.

Sabicas alizaliwa Pamplona mwaka 1912, kaskazini kabisa, mbali na Andalusia, nyumbani kwa flamenko. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka 1936 akaihama Hispania, akaishi Mexico kisha New York, na huko ndiko alikofia mwaka 1990. Gitaa lake ni safi mno: kila noti imefuliwa, imeanikwa, imepigwa pasi. Namheshimu sana. Lakini nikiri, baada ya nyimbo nne naanza kuangalia saa.

Paco, mwana wa Algeciras, hahitaji wakili. Jina la "de Lucía" alilipata kwa mama yake, Mreno. Alipokuwa bado kijana alikutana na Sabicas huko New York, na mzee akamshauri aache kupiga vya wenzake, atunge vyake. Ushauri ule ulizaa matunda! Hata ukaaji aliubadilisha: wazee walilisimamisha gitaa pajani, yeye aliweka mguu juu ya mguu, gitaa likalala. Zamani nilimsikiliza kwa ajili ya mbio tu, zile wanazoziita pikado, kidole cha shahada na cha kati vikipokezana kwenye uzi hadi huwezi kuvitofautisha. Nilikuwa nairudisha nyuma sehemu hiyo hiyo kama mtoto. Siku hizi nangoja kinachofuata baada ya mbio: anakata, ananyamaza, halafu anatua na kordi moja kavu. Pale ndipo nywele zinaponisimama.

Halafu Diego.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakuwahi kufika Morón de la Frontera, mji wa Diego huko Andalusia. Diego anaweza kukaa kwenye nyuzi za besi kwa gumba lake tu, analichelewesha kidogo, analisukuma, na bado mapigo yote 12 yapo mahali pake. Hakuwa na kasi ya Paco wala usafi wa Sabicas. Kuna mahali uzi unalia vibaya, unakwaruza. Sitaki asahihishwe.

Huyu mtu alibaki mjini kwake. Hakuwahi kutoa albamu yake mwenyewe, akafariki 1973. Tunachosikia leo kwa kiasi kikubwa ni kanda za wageni, wengi wao Wamarekani vijana waliomiminika Morón miaka ya 1960 wakitaka kujifunza kwake, pamoja na filamu za televisheni ya Hispania. Ndiyo maana sauti imefifia, na watu wanasikika wakipiga makofi na kumshangilia. Studio ingeufuta ule upuuzi wote mtamu. Nikimsikiliza Sabicas najiona nimeketi ukumbini na tiketi mkononi. Kwa Diego najiona nimebanwa kwenye benchi, bega kwa bega na watu nisiowajua, na mmoja wao hakika amekunywa.

Nimeirudia solea yake mara tano. Mara nne nikapotea pale pale, baada ya la 6. Mara ya tano mikono niliikalia, nikalifuata gumba tu, tukafika la 12 pamoja.